Kromu sita au kromu tatu: chagua kwa kazi inayoingia mlangoni

Mdogo wangu mmoja, hatukuzaliwa tumbo moja ila tumekulia parseli moja huko Kamalondo, hapa Lubumbashi nchini Kongo, alinijia juzi na karatasi mbili za bei za dawa za kupaka vyuma kromu kwa umeme. Moja ilikuwa ya dawa za kromu sita, nyingine ya kromu tatu. Amepata hangari upande wa viwanda kule Kampemba, na kuna mtu anayefunga kazi yake ambaye anataka kumwuzia redresa, ile mashine ya kugeuza umeme wa mji uwe wa mkondo mmoja, pamoja na tangi lenye bitana ya metali ya risasi. "Yaya," akaniuliza kabla hajakaa, kwetu ndivyo anavyoitwa ndugu mkubwa, "nichukue gani?"

Sikumjibu. Nilimwuliza: kesho ukifungua mlango, ataingia nani, na ameshika nini? Gidoni, yaani usukani wa pikipiki? Robine, yaani bomba la maji la hoteli? Au fimbo ya verini, ile silinda inayosukumwa na mafuta, ya mashine ya mgodini, ya kubebwa na watu wanne? Akanyamaza. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia jioni ile pamoja na niliyoyakumbuka baadaye, kwa ajili yake na kwa yeyote wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi anayetaka kuingia katika kazi hii. Mimi nimesimama kwenye mabafu, yaani matangi ya dawa, ya kromu sita miaka kumi na moja, kisha mitano kwenye kromu tatu. Nina upande wangu, na nitausema.

Metali ni moja, dawa ni mbili

Kitu kikishatoka bafuni, kromu iliyo juu yake ni metali tu, haina sita wala tatu. Namba hizo ni za kromu ikiwa bado ndani ya dawa, kabla umeme haujaishusha juu ya chuma.

Katika bafu la kromu sita unayeyusha trioksidi ya kromu, magamba mekundu yaliyokoza ambayo watu wa kazi huyaita asidi ya kromiki. Kipimo cha kawaida ni gramu 250 kwa lita, na asidi ya salfuriki gramu 2.5 kwa lita, yaani mia kwa moja. Ukilinda uwiano huo, bafu linakwenda. Ndiyo maana wazee wetu waliliendesha miaka mingi kwa kupimia macho na chupa ya asidi.

Bafu la kromu tatu lina chumvi za kromu, kloridi au salfeti, na rangi yake ni kijani au buluu nzito. Kromu iliyomo ni kidogo sana, gramu 5 hadi 20 na ushee kwa lita. Pamoja nayo kuna asidi ya boriki ya kuituliza pH, kipimo cha ukali wa asidi, na dawa nyingine za kuishika ioni ya kromu ili iachane na maji yaliyoizunguka na ikubali kugeuka metali. Dawa hizo za kushika ndizo siri ya kila muuzaji, na ndizo unazolipia.

Kromu sita inadai elektroni sita ili iwe metali. Kromu tatu inadai tatu. Isitoshe, bafu la kromu sita linafuja umeme: katika kila ampea 100 unazolilisha, ni 10 hadi 20 tu zinazoweka kromu. Nyingine zinapasua maji, zinatoa hidrojeni na oksijeni, na bafu linachemka kwa vitu vidogo vidogo vya hewa. Kila kiputo kikipasuka juu kinarusha tone la dawa hewani. Ukungu ule wa manjano unaouona juu ya bafu asubuhi jua likipenya mabati, huo ndio mzizi wa karibu kila jambo nitakalolisema hapa chini.

Watu hudhani kromu tatu ni kitu cha jana. Bunsen, mkemia wa Ujerumani, aliweka kromu kwa umeme kutoka kwenye kloridi ya kromu tatu mwaka 1854. Ilikuwa ngumu kuidhibiti, na Colin Fink wa Chuo Kikuu cha Columbia alipofanya bafu la kromu sita lifae biashara katika miaka ya 1920, dunia nzima ikalifuata. Kromu tatu iliingia sokoni miaka ya 1970.

Pua ya mzee aliyenifundisha

Papa aliyenifundisha kazi alikuwa na tundu ndani ya pua, ukuta unaotenga tundu mbili za pua ulikuwa umetoboka. Hakuumwa. Aliuonyesha kwetu vijana kama alama ya ufundi, na sisi tulicheka naye. Mikononi, kwenye vifundo vya vidole, alikuwa na makovu ya mviringo kama yamechomwa na msumari wa moto. Hivyo ndivyo vidonda vya kromu: vinaanza pale penye mchubuko, vinachimba kwenda chini, na kwa kuwa haviumi sana mtu huviacha. Sikujua wakati ule kwamba pua iliyotoboka ni dalili inayojulikana na madaktari wa kazi kwa zaidi ya miaka mia. Nilidhani ni ya papa peke yake.

Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliziweka dawa za kromu sita katika kundi la kwanza mwaka 1990, yaani ni hakika kwamba zinaleta saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu. Kromu tatu imo kundi la tatu, ambako hakuna ushahidi wa kutosha kusema inaleta saratani. Marekani, tangu 2006, mfanyakazi haruhusiwi kuvuta zaidi ya mikrogramu 5 za kromu sita kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa nane. Kwa kromu tatu kiwango ni mikrogramu 500. Tofauti ni mara mia moja.

Umoja wa Ulaya tangu 21 Septemba 2017 inadai kibali maalumu kwa anayetumia trioksidi ya kromu. California iliamua mwaka 2023 kwamba kromu sita ya urembo ianze kukoma 2027, na ile ngumu ya mashine 2039. Hatuko Ulaya wala California. Lakini mapafu ya kijana wa Katuba hayana tofauti na ya kijana wa huko, na mimi siwezi kuandika ulinganisho wa bei nikaliacha jambo hili mwishoni kama maandishi madogo ya mkataba.

Kromu tatu nayo si maji ya kunywa. Ina asidi, inawasha ngozi, na kabla yake utapita kwenye bafu la nikeli ambalo lina mzio wake. Glovu, miwani na aproni ni vilevile. Tena, ukiweka anodi zisizofaa, yaani vile vipande vya upande chanya wa umeme vinavyoning'inia bafuni, bafu la kromu tatu linaweza kuzaa kromu sita lenyewe pale kwenye anodi. Ndiyo sababu anodi za risasi za bafu la zamani haziingii humo. Dawa ya kloridi hutaka grafiti. Ya salfeti hutaka titani iliyopakwa oksidi ya iridiamu, ambayo bei yake inauma.

Kazi ya urembo na kazi ya nguvu

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na ndipo watu wanapochanganya.

Kromu ya urembo ni nyembamba kuliko unavyofikiri: kiasi cha robo hadi nusu ya mikroni, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, basi. Inayozuia kutu ni nikeli iliyo chini yake, mikroni 10 hadi 30, na juu yake kromu inakaa kama kioo cha kulinda nikeli isififie. Gidoni, pareshoki (bampa za gari), robine, miguu ya viti, vyote ni hivyo. Bafuni inakaa dakika chache. Kwa kazi hii kromu tatu inatosha kabisa, na mahali pengine inashinda.

Inashinda wapi? Kwenye kona. Kromu sita ina mkono mfupi: pale umeme unapofika kwa wingi, kwenye ncha na kingo, inaungua ikawa ya kijivu chenye chenga, pale umeme unapofika kidogo, ndani ya mikunjo, haishiki na unaona nikeli ya manjano. Ukitaka kufunika ndani ya kona unatengeneza anodi ya ziada, unaipinda, unaifunga, unapoteza nusu siku. Kromu tatu inaingia kwenye mikunjo vizuri zaidi na haiungui kirahisi kwenye ncha, kwa hiyo unaweza kupanga vitu vingi zaidi kwenye fremu moja. Kwa janti za pikipiki zenye mashimo ya spoki, niliona tofauti siku ya kwanza.

Sasa fimbo ya verini. Hiyo ni kromu ngumu, inayowekwa juu ya chuma moja kwa moja bila nikeli, mikroni 20, 50, hata mia kadhaa, kisha inasagwa kwa mashine ipate kipimo. Ugumu wake ni kati ya 850 na 1,000 kwa kipimo cha Vickers. Bafu linakuwa na joto la nyuzi 50 hadi 60, na umeme wa ampea 30 hadi 60 kwa kila desimita ya mraba.

Tuhesabu pamoja, kwa kuwa hesabu hii mdogo wangu hakuwa ameifanya. Fimbo yenye kipenyo cha milimita 60 na urefu wa mita 1 ina eneo la karibu desimita 19 za mraba. Kwa ampea 50 kwa desimita, redresa itoe karibu ampea 940. Kromu itapanda kama mikroni 25 hadi 35 kwa saa, kwa hiyo mikroni 50 ni karibu saa mbili mfululizo. Redresa aliyotaka kununua ni ya ampea 500. Fimbo hiyo ingemlaza mlangoni.

Kwa kazi hiyo nene, kromu sita bado ndiyo mwenyeji. Kuna mabafu ya kromu tatu yaliyotengenezwa kwa ajili ya unene, lakini yanataka udhibiti wa maabara ambao atelye changa haiwezi kuubeba, na mimi simshauri mtu aanze maisha nayo. Anayetaka kuikwepa kromu sita kwenye fimbo ana njia nyingine nje ya bafu: kurushia unga wa kabaidi ya tangsteni na kobalti kwa moto wa kasi kubwa, kama wanavyofanya kwenye miguu ya ndege. Mashine yake ni ghali. Naitaja kwa sababu inanichoma moyo kila nikifikiri kwamba kobalti ya unga huo inawezekana ilitoka Kolwezi, ikaenda, na hairudi kwetu hata kwa kutengeneza verini zetu.

Jambo moja zaidi kwa wa kromu ngumu, maana nimeliona likivunja kitu. Sehemu ya ile hidrojeni inayotoka bafuni inaingia ndani ya chuma. Chuma kigumu sana, kikiwa kimemeza hidrojeni, kinaweza kukatika ghafla kazini bila onyo. Dawa yake ni oveni: nyuzi 190 hadi 220, kwa saa kadhaa, na kianze kuokwa ndani ya saa nne tangu kitoke bafuni.

Delestaji

Kila mtu wa Lubumbashi anajua SNEL, shirika letu la umeme, ikikata kwa zamu, ndiyo delestaji, haikuulizi umefika wapi.

Kwenye bafu la kromu sita, umeme ukikatika katikati ya kazi, uso wa kromu unajifunga kwa ngozi nyembamba ya oksidi. Umeme ukirudi, kromu mpya haishikani na ya kwanza. Inatoka nyeupe kama maziwa, au inabanduka baadaye kwa mteja. Unalazimika kuigeuza polariti ukaamsha uso, au kuvua yote na kuanza upya. Hata waya uliolegea kwenye fremu unaweza kukuletea balaa hilo bila umeme wa mji kukatika. Pia kromu sita inapenda umeme laini, usiotetemeka. Redresa iliyochoka inatoa uso wenye ukungu.

Kromu tatu inavumilia zaidi. Umeme ukikatika na kurudi, inaendelea pale ilipoachia. Nilipoona hivyo mara ya kwanza sikuamini, nikaukata mwenyewe kwa makusudi mara tatu kwenye kipande kimoja cha gidoni. Kilitoka safi.

Lakini niwe mkweli: faida hii ni ya kazi ya dakika nne. Fremu moja ikiharibika umepoteza fremu moja. Anayeumia hasa na delestaji ni yule wa verini mwenye saa mbili bafuni, na huyo ndiye ambaye kromu tatu haiwezi kumsaidia. Yeye anunue grupu, yaani jenereta, kwanza, kabla ya dawa.

Mji wa shaba na bafu linaloogopa shaba

Upande huu kromu sita inashinda, na wauzaji wa kromu tatu hawausemi kwa sauti.

Bafu la kromu sita ni kali kiasi kwamba linajisafisha. Kipande kikiingia na mafuta kidogo au hakikusuuzwa vizuri, linakula uchafu na kuendelea. Chuma na shaba zikiingia, linavumilia gramu kadhaa kwa lita kabla halijaanza kulalamika. Bafu la kromu tatu halina moyo huo. Shaba, zinki na nikeli zikifika makumi machache ya miligramu kwa lita, unaanza kuona michirizi myeusi na madoa pale umeme unapofika kidogo. Na kromu sita yenyewe, hata kidogo sana, ni sumu kwake.

Fikiria sasa tunaishi wapi. Vumbi letu lina shaba. Robine tunazoletewa ni za shaba nyeupe na shaba nyekundu, na nyingi tunazipitisha kwenye bafu la shaba kabla ya nikeli. Kipande kimoja kikidondoka chini ya tangi Jumamosi mchana na mtu akasema tutakitoa Jumatatu, Jumatatu una bafu gonjwa. Kwangu sheria ni moja: kilichodondoka kinatolewa dakika ileile, na kuna sumaku na ndoano ndefu karibu na bafu. Unahitaji resini ya kuchuja metali, chujio linalozunguka muda wote, kipimo cha pH unachokiamini, na maji yaliyoondolewa madini kwa kuongezea bafu. Maji ya kisima usithubutu.

Halafu kuna mirija. Kromu sita ikipita ndani ya gidoni, hata pale isipoweka kromu, inaacha chuma kikiwa na ngozi ya kukizuia kutu kwa muda. Kromu tatu haifanyi hivyo: chuma kilicho wazi ndani ya mrija kinayeyuka polepole, kinachafua bafu, na gidoni inaota kutu kutokea ndani kabla mteja hajamaliza mvua moja. Ziba ncha kwa vizibo vya mpira, au baada ya kusuuza chovya kwenye dawa ya kuzuia kutu. Ni kazi ndogo, lakini isipofanywa jina lako linaharibika mtaa mzima wa Kenya hapa Lubumbashi, maana wenye pikipiki wanaongea.

Kwa kifupi kuhusu tangi lile la risasi: aliache. Bitana iliyokunywa kromu sita miaka haiwezi kusuuzwa ikafaa kromu tatu. Redresa anaweza kuichukua.

Rangi

Kromu sita ni nyeupe yenye ubuluu wa barafu. Kromu tatu ya kloridi ni nzito kidogo, ina kivuli cha moshi. Ya salfeti inakaribia sana ile ya sita. Mteja mwenye kitu kimoja hataona. Mteja anayetengeneza pareshoki ya nyuma huku ya mbele ni ya zamani ataona, juani, na atarudi. Tengeneza vipande viwili vya mfano, viweke kaunta, umwonyeshe kabla hajalipa.

Maji yanayotoka

Ninakuja kwenye jambo lililonifanya niache kromu sita.

Atelye ya kwanza niliyofanyia kazi ilimwaga maji ya kusuuza kwenye mtaro nyuma ya ukuta, usiku. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua bomba. Niliambiwa mvua itayachukua, na nikafungua. Siku moja mama wa parseli ya jirani alikuja na bidoni ya maji kutoka kisimani kwake, ya manjano hafifu kama chai iliyoongezwa maji mno, akauliza kama sisi tunajua ni nini. Alikuwa na watoto wadogo. Bosi alimwambia ni kutu. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikajua si kutu, na sikusema. Kwa hilo sijajisamehe, na ndilo linaloandika makala haya zaidi ya elimu yoyote niliyo nayo.

Hebu tazama kipimo. Lita moja ya bafu la kromu sita lenye gramu 250 za trioksidi ina gramu 130 za kromu. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.05 za kromu kwa lita. Gawanya: lita moja hiyo inatosha kuyafikisha kwenye kikomo maji lita 2,600,000. Lita moja. Chupa mbili ndogo za maji ya dukani. Na kromu sita inayeyuka na kusafiri. Inapita udongoni kuelekea visimani na kwenye mto, na mito yetu inaingia Kafubu ambako watu wanalima mboga tunazokula.

Kromu tatu nayo ni kromu, haimwagwi. Ila bafu lake lina kromu chini ya sehemu moja kwa sita, mara nyingi chini ya moja kwa kumi, kwa hiyo kinachodondoka kutoka kwenye kila kipande ni kidogo kwa kadiri hiyo. Ikikutana na chokaa inashuka chini kuwa tope, haikimbii kama ndugu yake.

Kusafisha maji ya kromu sita kunawezekana, na Lubumbashi hatuna kisingizio, maana dawa zake tunazo. Unayashusha maji kwa asidi hadi pH 2 au 3. Unatia metabisalfiti ya sodiamu, ileile inayotumika kwenye viwanda vya kobalti, karibu kilo 3 kwa kila kilo 1 ya kromu. Maji yanageuka kutoka manjano kuwa kijani. Kromu sita imekuwa tatu. Kisha unatia chokaa hadi pH 8 au 9, tope la kijani linatulia chini, unalichuja na kulitunza pakavu. Fanya mahali penye hewa, maana metabisalfiti kwenye asidi inatoa gesi inayokaba koo. Kwa kromu tatu unaruka hatua ya kwanza, unakwenda moja kwa moja kwenye chokaa. Ila zile dawa za kushika kromu wakati mwingine zinaizuia isishuke, kwa hiyo mwulize muuzaji kabla ya kununua, na umtake akuonyeshe kwenye ndoo mbele yako.

Bei kwenye karatasi na bei yenyewe

Karatasi ya kromu sita ya mdogo wangu ilikuwa na bei ndogo, ya kuvutia. Nilichukua kalamu nikaongeza chini yake: feni ya kunyonya ukungu kando ya bafu lote, pamoja na mnara wa kuosha hewa kabla haijatoka nje. Dawa ya kupunguza ukungu, na aulize kama haina PFOS, kwa kuwa dawa hiyo isiyooza iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2009. Matangi matatu ya kusafisha maji. Metabisalfiti na chokaa kila wiki. Barakoa za kweli. Daktari wa kutazama pua na mapafu ya vijana kila mwaka. Umeme unaofujwa. Nilipomaliza, karatasi ile haikuwa na bei ndogo tena.

Ya kromu tatu ina mizigo yake. Dawa ni ghali, na huwezi kuzichanganya mwenyewe. Unafungwa kwa muuzaji mmoja. Zinapita Kasumbalesa, na lori likilala mpakani wiki mbili bafu lako nalo linalala. Mwenye kromu sita ananunua trioksidi peke yake, na asidi ya salfuriki inatengenezwa hapa hapa Katanga. Nikamwambia aweke akiba ya miezi mitatu na asimwamini mtu anayemwambia ya mwezi inatosha.

Kwa mwenye gidoni, robine, janti na viti, mimi nasema kromu tatu, bila kusita. Kwa mwenye verini za mgodini, kromu sita, lakini akiwa na feni, grupu, oveni na matangi ya kusafisha maji tangu siku ya kwanza. Akikosa kimoja kati ya hivyo asifungue. Afanye kazi ya kuvua na kusaga, na kromu ampelekee aliyejiandaa, wagawane. Na mtu anayetaka vyote viwili chini ya bati moja ajenge ukuta kati yavyo, na ndoo, glovu na fremu za upande mmoja zisivuke kwenda upande wa pili kamwe.

Mdogo wangu alichukua kromu tatu ya salfeti. Fimbo za verini anazipokea na kuzipeleka kwa mtu mwenye bafu refu na feni inayofanya kazi; nilikwenda kuiona kabla sijamruhusu. Wiki ya pili aliniletea sahani ya majaribio ya seli ya Hull, kile kibafu kidogo cha kujaribia dawa, ile ya mililita 267 ambayo kila mwenye bafu anapaswa kuwa nayo. Upande wa umeme mwingi uling'aa vizuri. Upande wa umeme kidogo ulikuwa na mchirizi mweusi. "Shaba," nikamwambia. "Umedondosha nini?" Akasema hakudondosha kitu. Tukaenda wote Kampemba, tukashusha ndoano, na mara ya tatu ikapanda na kichwa cha robine.